Fulari za Hariri za Kampuni Kubwa, Zilizokwisha Kuvaliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi wa Lubumbashi

Majibu haya ni kwa mtu anayetafuta fulari (kitambaa cha shingoni) ya orijino ya Hermès, Gucci, Chanel, Burberry na wenzao, iwe anapekua tombola (mitumba) katika soko la Kenya hapa mjini, iwe ametumiwa picha na ndugu aliye Bulaya (Ulaya). Tumekaa zaidi kwenye kitambaa na pindo, kwa sababu boksi, risiti na maneno matamu vinaigizwa kwa urahisi, lakini mkono wa mshonaji mzuri ni mgumu kuigiza.

Kweli fulari ya orijino inaweza kupatikana kwenye tombola?

Ndiyo, ila si jambo la kila wiki. Kabla balo (furushi la mitumba) halijafungwa huko Ulaya, nguo huchambuliwa, na wachambuzi huondoa mali yenye jina kubwa ili iuzwe kwao kwa bei nzuri. Mchambuzi ana sekunde chache tu kwa kila kipande, kwa hiyo jicho lake linakimbilia etiketi. Fulari iliyokatwa etiketi, au ya zamani yenye jina dogo lililofichwa ndani ya mchoro, inampita. Ndiyo maana sokoni hapa tunasema: usianze kwa kutafuta jina. Anza kwa kutafuta hariri yenye pindo la mkono, jina utalisoma baadaye.

Nenda asubuhi, balo linapofunguliwa, na usogee kwenye mwanga wa jua. Chini ya turubai la buluu rangi zote zinadanganya. Muombe mama muuzaji ruhusa kabla ya kuitandaza. Hakuna anayekataa ukiomba kwa heshima na mikono yako ikiwa safi.

"Imetengenezwa kwa mkono" maana yake ni nini hasa?

Si kila kitu. Kitambaa chenyewe hufumwa kwa mashine. Kilicho cha mkono ni mambo mawili. La kwanza ni kutenganisha mchoro rangi kwa rangi: kila rangi inachorewa fremu yake ya kuchapia, na fulari moja ya Hermès inaweza kuhitaji fremu thelathini au zaidi. Kazi hiyo inakula mamia ya saa kabla hata tone la rangi halijagusa hariri. La pili ni pindo, linaloviringwa kwa vidole na kushonwa kwa sindano, upande baada ya upande. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "imefumwa kwa mkono" kuhusu fulari ya hariri ya kampuni hizi, ujue hajui anachouza, au anajua sana.

Nikiishika, niangalie nini kwanza?

Pindo. Ukiwa na dakika moja tu, itumie yote hapo.

Pitisha ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada, pande zote nne. Pindo lililoviringwa kwa mkono ni la mviringo, lina unene kidogo kama uzi wa sufu, na ndani yake unahisi hewa. Sasa sogeza macho. Mishono ni midogo, imeachana milimita chache, na haifanani kabisa: mmoja umeinama, mwingine umekwenda mbali kidogo na mwenzake. Uzi una rangi ya pindo au inayokaribiana nayo sana. Mshono wa mashine ni mstari ulionyooka, nafasi zote sawasawa, na pindo lake ni bapa kama la kitambaa cha meza.

Angalia pia pindo limeelekea upande gani. Hermès huviringa kuja upande wa mbele, ule wenye rangi kali. Kampuni nyingi za Italia huviringa kwenda nyuma. Kwa hiyo fulari iliyoandikwa Hermès halafu pindo limelala upande wa nyuma ina kesi ya kujibu. Lakini Gucci au Ferragamo yenye pindo la nyuma haina kosa.

Jambo moja linawachanganya wengi: pindo la orijino linaweza kuwa bapa kwa sababu mwenye nalo alilipiga pasi miaka yote. Likiwa hivyo, usilihukumu kwa ubapa. Rudi kwenye mishono, kisha uangalie kona. Kwenye kazi ya mkono kona huishia kwa ncha ndogo iliyokunjwa vizuri, hakuna nyuzi zinazoning'inia, hakuna fundo kubwa. Feki nyingi za siku hizi nazo zina pindo la mkono, kwa sababu vibarua wa kushona wapo kila mahali, ila ni kazi ya haraka: mishono mirefu, uzi mweupe kwenye pindo la rangi, kona nene kama zimejazwa. Pindo la mkono peke yake halitoshi kusema ni orijino. Pindo la mashine kwenye carré (fulari ya mraba) ya Hermès linatosha kabisa kusema si yenyewe.

Na uchapaji, nitaujuaje?

Igeuze. Anayejua kikwembe (kitenge) cha wax tayari ana nusu ya jibu: wax nzuri imeiva pande zote mbili, ya bei rahisi imepauka nyuma. Hariri nzuri iliyochapwa kwa fremu ni vivyo hivyo, rangi inapenya. Nyuma itakuwa hafifu kidogo tu, lakini mchoro wote unasomeka. Ukiona mgongo mweupe wenye kivuli cha mchoro, hiyo imechapwa kwa joto juu ya polista au kwa printa ya bei nafuu.

Kisha chukua kioo cha kukuzia, kile cha mara 10 wanachotumia masonara, au kamera ya simu ukiikuza. Fuata mstari mwembamba mweusi unaozunguka umbo lolote, tuseme hatamu ya farasi. Kwenye orijino mstari ni mkali, na rangi mbili zinapokutana hakuna mwanya mweupe kati yake wala moja haijamwagikia nyingine. Kwenye feki utaona fremu zimehama: jani limetoka nje ya mstari wake, jicho la farasi limehamia kwenye paji la uso. Herufi ndogo ndizo zinaumbuka kwanza.

Kwa kioo hichohicho angalia mfumo. Hariri ya carré ni twili, yaani ina mistari myembamba ya mshazari, iliyosimama sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Satini inayoteleza na kung'aa kama kioo ni kitu kingine. Ila kumbuka, kampuni hizi hutengeneza pia shifoni na krepi, kwa hiyo ukosefu wa mshazari ni swali tu, bado si hukumu.

Vipimo na uzito ni ngapi?

Carré ya kawaida ya Hermès ni sentimita 90 kwa 90, na ina uzito wa gramu 65 hivi. Kwa fulari iliyovaliwa na kuoshwa, upande wa sentimita 87 au 88 si tatizo, na pande nne kutolingana kabisa si dosari, kwani pindo la mkono halina rula. Upande wa 80 au wa 100 ni tatizo. Kuna pia ya 70 kwa 70, ndogo ya 45 hivi, shali ya 140 ya mchanganyiko wa kashmiri asilimia 70 na hariri asilimia 30, na ule utepe mwembamba uitwao Twilly, kama sentimita 86 kwa 5. Shali ya Monogram ya Louis Vuitton ni 140 kwa 140.

Mizani ya jikoni inayoanza kupima kwenye gramu 50 haikufai. Sonara yeyote mjini ana mizani ya gramu, muombe akupimie. Carré ya 90 yenye gramu 40 ni nyepesi mno.

Jina la kampuni liandikwe vipi?

Kwa Hermès tafuta "HERMÈS-PARIS" ndani ya mchoro, mara nyingi na alama ya © karibu yake kwenye zile za miaka ya karibuni. Mkwaju, yaani ule mstari mdogo, ulio juu ya E ya pili unainamia kushoto. Feki huugeuza au huusahau. Michoro mingi ina kichwa chake, na mingine ina sahihi ya msanii. Hapo una silaha nzuri: andika kichwa hicho kwenye intaneti, linganisha mchoro, msanii na mahali sahihi ilipokaa. *Brides de Gala*, kwa mfano, ni kazi ya Hugo Grygkar ya mwaka 1957. Ukiikuta na jina la msanii mwingine, irudishe mezani.

Lakini usichanganye mwaka wa mchoro na mwaka wa fulari. Mchoro unaopendwa huchapwa tena na tena kwa rangi mpya. Muuzaji anayesema "hii ni ya 1957" kwa sababu ameona mwaka huo mtandaoni anakuuzia hadithi, na hadithi hiyo isikuongezee dola hata moja. Carré ya kwanza kabisa ilitoka 1937; ukitajiwa mwaka ulio nyuma ya hapo, mazungumzo yamekwisha.

Kwa Gucci, mchoro wa maua unaoitwa Flora ulichorwa na Vittorio Accornero mwaka 1966 kwa ajili ya Grace Kelly. Sahihi yake, V. Accornero, imo ndani ya mchoro wa fulari nyingi za zamani.

Etiketi imekatwa. Niache?

Usiiache kwa sababu hiyo. Wanawake wengi huikata kwa kuwa inachungulia fulari ikifungwa shingoni, na fulari za zamani sana hazikuwa na etiketi ya kuoshea. Tafuta mahali ilipokuwa: kwenye pindo, karibu na kona, utaona vipande viwili vya kitambaa cha etiketi vilivyobaki ndani ya mshono. Ikiwa ipo, itazame kwa makini: imeingizwa ndani ya pindo au imebandikwa juu yake? Maandishi yana makosa ya Kifaransa? Sisi tunaosoma Kifaransa kila siku tuna faida hapa. Neno "soie" (hariri) limeandikwa vibaya kwenye feki mara nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Mambo mawili yanayowafanya watu watupe mali nzuri. Chanel iliyoandikwa "Made in Italy" si feki kwa sababu hiyo. Fulari zao nyingi za hariri hutengenezwa Italia. Na "Burberrys" yenye s mwishoni si kosa la herufi: kampuni ilijiita hivyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hiyo s inakusaidia kujua umri.

Jaribio la moto linafaa?

Linafaa kujua nyuzi tu, halikwambii kampuni. Na usifanye kwenye mali ya mtu. Ukishainunua, chomoa uzi mmoja uliokwisha kulegea, wenye urefu wa sentimita 1 au 2, ushike kwa kibano juu ya sahani. Hariri inanuka nywele zilizoungua, moto wake unajizima wenyewe, na jivu ni jeusi linalosagika kuwa unga. Polista inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu. Viskozi, nyuzi zinazotengenezwa kwa mbao, inanuka karatasi. Uzi wa kushonea pindo usiuguse kabisa. Ukikata mshono mmoja, sentimita kadhaa zinaweza kufunguka.

Ina boksi la rangi ya chungwa na risiti. Hiyo si uthibitisho?

Hapana. Maboksi matupu yanauzwa, risiti zinachapwa. Na maduka ya Hermès hayatoi hati ya uhakiki kwa mali ya mitumba.

Bei ya haki ni ipi?

Carré mpya ya 90 ya Hermès inapita dola 400 dukani. Iliyovaliwa, ikiwa safi na mchoro wake si adimu, huko Ulaya mara nyingi inauzwa kati ya dola 120 na 300. Rangi ndizo zinazopandisha au kushusha: mchoro uleule wa buluu na dhahabu unaweza kuuzwa mara mbili ya ule wa kahawia. Doa moja linaloonekana linaondoa theluthi au zaidi. Mtu akikuletea "Hermès mpya kabisa" kwa dola 35 na anazo sita zinazofanana, huhitaji kioo cha kukuzia.

Upande wa pili, hariri nzuri yenye pindo la mkono isiyo na jina lolote, kwa faranga elfu chache sokoni, ni ununuzi ambao tunaupendekeza bila kusita. Ina kazi ileile ya vidole.

Ndugu yangu Bulaya ameiona mtandaoni. Aombe picha gani?

Mbele yote na nyuma yote ikiwa imetandazwa, futi ikionekana kwenye pande mbili. Kona mbili, kila moja mbele na nyuma. Pindo kwa karibu, picha ikipigwa kwa pembeni ili mviringo uonekane. Jina la kampuni, sahihi ya msanii, etiketi pande zote. Kila doa, kwenye mwanga wa mchana, karibu na dirisha. Katika picha moja kuwe na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Picha zilizoibwa mtandaoni hazina karatasi yako.

Akikutumia kwa WhatsApp, atume kama dokumenti. Picha ya kawaida inabanwa, na mishono ya pindo ndiyo inayopotea kwanza.

Tovuti kama Vestiaire Collective zina huduma ya kuhakiki mali kabla haijamfikia mnunuzi. Ni gharama ya ziada, nasi tunaiona ni fedha iliyotumika vizuri kwa kitu cha zaidi ya dola 150. Malipo yafanyike ndani ya tovuti. Muuzaji akisema "nitumie kwa PayPal kama rafiki, tukwepe makato", kinachokwepwa ni ulinzi wa mnunuzi.

Ifikeje Lubumbashi?

Njia rahisi ni mtu anayesafiri. Fulari ni gramu 65, haimzidishii mtu mzigo. Iviringwe kwenye kitambaa cha pamba, iwekwe kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kwa kampuni ya vifurushi, thamani iliyoandikwa iwe ya kweli: DGDA (forodha ya Kongo) watadai ushuru na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, na kifurushi kikipotea hutalipwa zaidi ya thamani uliyoandika.

Ukinunua hapahapa mjini, kutana na muuzaji mahali penye mwanga, kagua kwanza, kisha ulipe kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money mbele yake. Ukilipa kwa dola, beba noti safi. Noti iliyochanika hata kidogo itavunja biashara ambayo mlikwisha kukubaliana. Usitume "avansi ya kuihifadhi" kwa mtu usiyemjua.

Na fulari za kashmiri?

Juni na Julai, asubuhi za Lubumbashi zina baridi ya kweli, na hapo kashmiri ina kazi. Skafu ya Burberry ya mirabamiraba ni kama sentimita 168 kwa 30, na za kashmiri hufumwa Uskoti. Angalia miraba ikutane sawa, na nyuzi zinazoning'inia mwishoni zimesokotwa vizuri kwa ncha zote mbili. Ishike shingoni dakika moja: kashmiri inapasha joto haraka na haiwashi, akriliki inateleza na kutoa cheche kwenye nywele.

Neno "pashmina" sokoni halina maana kubwa, nyingi ni viskozi. Kupitisha shali kwenye pete nako hakuthibitishi chochote, kwani viskozi nyembamba inapita pia. Na mtu akikutajia *shahtoosh*, kataa. Inatokana na swala wa Tibet anayeuawa ili apatikane manyoya yake. Yumo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuivusha mpaka ni kosa.

Dosari zipi zinavumilika?

Inyanyue uitazame dhidi ya anga. Tundu dogo la pini kwenye kona litafichwa na fundo, hilo vumilia. Pindo lililofunguka sentimita 2 au 3 linashonwa, kwa mkono na kwa uzi wa hariri. Usimpe fundi wa cherehani hata kama ni rafiki yako. Mistari ya mikunjo iliyopauka haitoki tena. Hariri inayolia kama karatasi na kupasuka ukiivuta kidogo imekufa, na hakuna dawa. Doa la njano lililo kwenye mstari wa shingo ni jasho na mafuta ya nywele. Likiwa la zamani, hesabu kuwa litabaki.

Niisafisheje?

Kwanza ipunguze vumbi: ikung'ute nje, usiisugue. Vumbi letu jekundu likisuguliwa kwenye hariri linakwangua nyuzi.

Presing nzuri inayosafisha kwa dawa bila maji ndiyo chaguo la kwanza, lakini mwambie kwa mdomo na kwa maandishi: pindo lisipigwe pasi. Ukilazimika kuiosha nyumbani, gusa kila rangi kwa pamba nyeupe yenye maji. Pamba ikichukua rangi, hasa nyekundu au buluu nzito, acha. Isipochukua, tumia maji baridi yaliyochemshwa na kupoa, matone machache ya shampuu laini, dakika 2 au 3 bila kuloweka, suuza, iviringe ndani ya taulo na uikandamize. Usiikamue. Ianike kivulini ikiwa imelala.

Javeli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) isiikaribie kabisa. Haiondoi doa tu, inayeyusha hariri yenyewe, na sufu pia. Sabuni ya unga nayo ni kali mno.

Pasi iwe kwenye joto la chini, upande wa nyuma, kitambaa chembamba cha pamba katikati, na iishie sentimita moja kabla ya pindo. Umeme ukikatika, subiri urudi. Pasi ya makaa haina kipimo cha joto, na cheche moja inatosha kuacha tundu. Pindo lililokwisha kubanwa linaweza kurudi kiasi: lishike juu ya mvuke wa sufuria, kisha liviringe polepole kwa vidole, sentimita chache kwa wakati.

Nihifadhi wapi?

Kwenye kitambaa cha pamba ndani ya droo kavu, si kwenye mfuko wa plastiki, hasa msimu wa mvua. Badilisha mikunjo kila miezi michache. Manukato nyunyiza kabla ya kuivaa, yakauke kwanza ndipo uifunge.

Nikitaka kuiuza tena?

Weka picha zote ulizopewa wakati wa kununua, pamoja na mazungumzo na malipo, kwenye folda moja ya simu na nakala mahali pengine. Piga picha mpya kwa utaratibu uleule, taja kila doa kabla hujaulizwa. Usikate etiketi, hata ikikukera shingoni. Ikunje ndani ya fundo.